Dawa Mbili, Maadui Wawili: Lugha ya Kumweleza Mgonjwa wa Mboghoni Matibabu ya Kifua Kikuu na VVU

Ikisiri

Mgonjwa wa kifua kikuu ambaye pia anaishi na Virusi vya Ukimwi (VVU) hutumia kwa wakati mmoja antibiotiki zinazoua bakteria na dawa zinazozuia virusi kuzaana. Dawa hizo hutofautiana kwa adui, kwa kazi na kwa muda wa matumizi. Makala haya yanachunguza iwapo Kiswahili anachoelezwa mgonjwa huyo kinazibainisha tofauti hizo, na yanachukua wadi ya Mboghoni, Taveta, kuwa kielelezo kwa sababu ya nafasi yake mpakani. Hoja kuu ni kwamba Kiswahili hakina uhaba wa istilahi katika uwanja huu. Tatizo lipo katika maneno ya kawaida, kama vile dawa, kuisha, kupona na sugu, ambayo kila moja hubeba dhana zaidi ya moja bila mzungumzaji kutambua. Makala yanamalizia kwa kupendekeza kanuni nne za kumweleza mgonjwa.

1.0 Utangulizi

Mboghoni ni mojawapo ya wadi za eneo la Taveta katika Kaunti ya Taita Taveta, Kenya. Ingawa Voi ndio mji mkubwa wa kaunti hiyo, mkazi wa Mboghoni yuko karibu zaidi na Holili na Himo, upande wa Tanzania, kuliko Voi. Kitaveta, ambacho ni lugha ya wenyeji, kina uhusiano wa karibu na Chasu cha Upareni. Hata hivyo, lugha ya sokoni, shuleni na zahanati ni Kiswahili, na Kiswahili hicho hutoka pande mbili: kuna kile cha redio na ofisi za Kenya, na kile kinachovuka mpaka kutoka Tanzania. Kwa mtafiti wa lugha, mahali pa namna hii pana thamani ya pekee, kwa kuwa istilahi mbili za dhana moja zinaweza kumfikia msikilizaji mmoja katika siku moja.

Uwanja uliochaguliwa hapa ni wa tiba, na hasa tiba inayounganisha dawa za aina mbili. Wanafunzi wa isimu na fasihi huenda wakauliza jambo hili linawahusu vipi. Jibu ni kwamba mgonjwa hapewi dawa peke yake. Hupewa dawa pamoja na maelezo. Vidonge huchaguliwa na tabibu, lakini mgonjwa anayevimeza nyumbani kwake kwa miezi au miaka huongozwa na maneno aliyoondoka nayo. Maneno hayo yakiwa na maana mbili, mgonjwa atachagua moja, na pengine atachagua ile isiyokusudiwa.

2.0 Antibiotiki na dawa za virusi zinapokutana

Kabla ya kuchambua maneno, ni vyema kueleza kwa muhtasari mambo yanayotajwa na maneno hayo. Bakteria ni kiumbe hai chenye seli yake, kinachoweza kujilisha na kujigawa. Virusi havina seli. Huingia ndani ya seli ya mwili na kuitumia kama kiwanda cha kutengenezea virusi vingine. Kwa kuwa viumbe hivi havifanani kimaumbile, dawa zake pia hazifanani. Antibiotiki hushambulia sehemu za bakteria ambazo virusi havina. Hali kadhalika, dawa ya virusi huziba hatua za kuzaana kwa virusi ambazo bakteria hawazipitii. Kumpa mtu dawa ya virusi ili kuua bakteria ni kazi bure, na kumpa antibiotiki ili kutibu mafua yaletwayo na virusi ni kazi bure vilevile.

Swali la kutumia dawa hizi pamoja huulizwa katika magonjwa mengi. Huko Marekani na Ulaya huulizwa kuhusu ugonjwa wa Lyme, uliopewa jina la mji wa Lyme katika jimbo la Connecticut baada ya wagonjwa wengi kuonekana huko katika miaka ya 1970. Ugonjwa huo huenezwa na kupe, na bakteria wake alitambuliwa na Willy Burgdorfer mwanzoni mwa miaka ya 1980. Afrika Mashariki inamjua ndugu wa bakteria huyo kwa njia nyingine: ndiye aletaye homa ya papasi, ambayo hupungua kisha ikarudi. Joseph Everett Dutton, daktari Mwingereza aliyeichunguza homa hiyo mashariki mwa Kongo, alifariki huko mwaka 1905, na bakteria wa homa hiyo akapewa jina lake. Yafaa ieleweke pia kwamba Kiswahili kinatenganisha kupe wa mifugo na papasi wa nyufa za nyumba kwa majina mawili yasiyo na uhusiano wa kimuundo. Magonjwa haya mawili hutibiwa kwa antibiotiki. Dawa ya virusi huongezwa tu endapo mgonjwa ana virusi pia, na hapo huongezwa kwa ajili ya virusi hivyo.

Kwa Afrika Mashariki, mahali ambapo aina hizi mbili za dawa hukutana kwa kweli ni katika mwili wa mtu mwenye kifua kikuu na VVU. VVU hudhoofisha kinga, nayo bakteria ya kifua kikuu, ambayo huenda ilikuwa imelala mwilini kwa miaka mingi, hupata nafasi ya kuamka. Matibabu ya kawaida ya kifua kikuu kisicho sugu huchukua miezi 6. Katika miezi 2 ya kwanza mgonjwa hupewa rifampisini, isoniazidi, pirazinamidi na ethambutoli. Katika miezi 4 inayofuata huendelea na rifampisini na isoniazidi. Inafaa wasomaji wa eneo hili wajue kwamba uwezekano wa kumtibu mgonjwa kwa miezi 6 ulithibitishwa hapa hapa: majaribio ya pamoja ya Afrika Mashariki na Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza, ambayo matokeo yake ya awali yalichapishwa mwaka 1972, yalionyesha kuwa mpangilio wa miezi 6 wenye rifampisini unaweza kufanya kazi iliyokuwa ikihitaji mwaka mmoja na nusu.

Kuhusu VVU, Kenya iliripoti mgonjwa wake wa kwanza wa Ukimwi mwaka 1984, na mwaka 1999 serikali ilitangaza Ukimwi kuwa janga la taifa. Dawa zake zilipoanza kuenea, wataalamu walijiuliza kama mgonjwa amalize kwanza matibabu ya kifua kikuu ndipo aanze dawa za VVU. Utafiti uliofanywa mjini Durban, Afrika Kusini, na kuchapishwa mwaka 2010 ulionyesha kuwa kuanza dawa za VVU katikati ya matibabu ya kifua kikuu kulipunguza vifo kwa asilimia 56 kikilinganishwa na kusubiri hadi mwisho. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilishauri dawa za VVU zianzwe ndani ya wiki 2 tangu kuanza matibabu ya kifua kikuu, isipokuwa pale ambapo kifua kikuu kimeshika utando wa ubongo.

Muungano huu una utata wake. Rifampisini huchochea ini kuziondoa haraka baadhi ya dawa nyingine mwilini. Dolutegraviri, dawa ya VVU ambayo Kenya ilianza kuitumia mwaka 2017, ni mojawapo ya dawa hizo. Kwa sababu hiyo mgonjwa anayetumia rifampisini huongezewa kidonge cha pili cha dolutegraviri, saa 12 baada ya kile cha kwanza, na huendelea nacho mpaka wiki 2 baada ya kumaliza rifampisini. Hupewa pia kotrimoksazoli, ambayo wengi huijua kwa jina la septrini. Hiyo ni antibiotiki, lakini hutumiwa kwa muda mrefu ili kukinga maradhi mengine. Huongezewa vitamini B6 ili isoniazidi isimwathiri mishipa ya fahamu. Zaidi ya hayo, kinga yake inapoanza kupata nguvu, huenda tezi zikavimba na homa ikapanda kwa muda, hata akadhani kwamba dawa ndizo zinazomwua.

Tazama basi mzigo wa maelezo. Kuna antibiotiki zinazokoma baada ya miezi 6 na antibiotiki isiyokoma wakati huo. Kuna dawa ya virusi ya maisha yote, na kidonge cha ziada cha dawa ya virusi ambacho kitakoma. Mgonjwa anabeba haya yote nyumbani katika mfuko mmoja, na katika neno moja: dawa.

3.0 Majina ya maadui

Neno virusi ni mfano mzuri wa utohozi uliozaa umbo jipya. Asili yake ni Kilatini, ambamo lilimaanisha sumu. Lilipoingia katika Kiswahili kupitia Kiingereza, silabi yake ya kwanza ilisikika kama kiambishi cha wingi cha ngeli ya KI-VI, ndipo wazungumzaji wakaunda umoja wake: kirusi. Mwendo huu ndio ule ule uliolipata neno kitabu la asili ya Kiarabu, ambalo silabi yake ya kwanza ilichukuliwa kuwa kiambishi cha umoja na wingi wake ukawa vitabu. Umbo kirusi linafanana kimatamshi na jina la lugha ya Warusi, lakini muktadha huondoa utata huo bila shida.

Utata mkubwa zaidi umo katika istilahi kijasumu, wingi vijasumu. Istilahi hii imeundwa kwa mzizi wa sumu na viambishi vya udogo, na ndiyo iliyozaa kiuavijasumu, yaani antibiotiki. Kwa kigezo cha uwazi, istilahi hii ni nzuri: msikilizaji anaweza kuitegua kuwa ni kitu kinachoua visumu vidogo. Lakini uwazi huo huo ndio unaopotosha. Hakuna chochote katika umbo la kijasumu kinachosema kwamba ni bakteria, si virusi. Tukirudi kwenye asili, virusi ndivyo vyenye jina la sumu! Mtu anayeambiwa kwamba kidonge fulani ni kiuavijasumu ana haki ya kuelewa kwamba kitaua kila kidudu kiletacho maradhi, yakiwemo mafua. Kwa upande mwingine, antibiotiki ni neno geni lisilojieleza, lakini halimdanganyi mtu. Humlazimu aulize maana yake.

K. B. Kiingi, katika vigezo vyake vya uundaji wa istilahi vinavyojulikana kwa kifupisho cha PEGITOSCA, aliuweka uwazi bega kwa bega na usahihi na iktisadi. Mfano wa kijasumu unaonyesha kwamba vigezo hivyo vinaweza kugongana. Istilahi inaweza kuwa wazi katika muundo wake na bado isiwe sahihi katika mipaka ya dhana yake. Panapotokea mgongano wa namna hii katika uwanja wa tiba, yafaa usahihi utangulizwe, kwa sababu gharama ya kosa hulipwa kwa afya ya mtu.

Jina kifua kikuu nalo lina mapungufu ya namna yake. Limejengwa juu ya kiungo kimoja, ilhali bakteria huyo hushika pia tezi, mifupa na ubongo. Ndipo tunapopata virai kama kifua kikuu cha mifupa, ambavyo mtaalamu huvitamka bila kusita lakini msikilizaji wa kawaida huvishangaa. Mtu mwenye uvimbe wa tezi shingoni, asiyekohoa hata kidogo, huenda akakataa katakata kuwa ana ugonjwa wenye jina la kifua.

Kuhusu Ukimwi, kifupisho chenyewe kimetokana na Upungufu wa Kinga Mwilini, ingawa wapo wanaosema Ukosefu wa Kinga Mwilini. Upungufu na ukosefu si kitu kimoja. Kilichopungua kinaweza kuongezwa, kilichokosekana hakipo. Mtu anayetumia dawa barabara kinga yake huweza kupanda, kwa hiyo upungufu ndilo neno linaloafiki ukweli wa matibabu na ndilo linaloacha mlango wa matumaini wazi. Vilevile, virusi vya Ukimwi si Ukimwi wenyewe. Mtu anayeishi na VVU na kutumia dawa anaweza kuishi miaka mingi asifikie hali ya Ukimwi. Anayesema fulani ana Ukimwi, akikusudia kwamba ana virusi, amefuta kwa sentensi moja tofauti ambayo dawa zinafanya kazi kuilinda.

4.0 Majina ya dawa

Neno dawa huunganishwa na nomino nyingine kwa kihusishi -a, na kihusishi hicho hakisemi uhusiano ni wa aina gani. Dawa ya malaria huondoa malaria, lakini dawa ya meno haiondoi meno. Dawa ya mbu ni ya kuangamiza, dawa ya nguvu ni ya kuongeza, na dawa ya viatu haina uhusiano wowote na tiba. Mzungumzaji huujua uhusiano kwa sababu anavijua vitu vyenyewe. Pale ambapo kitu ni kigeni kwake, kihusishi hakimsaidii. Ndiyo maana kirai dawa za VVU ni kifupi na chenye manufaa, lakini hakijitoshelezi: hakisemi kama dawa hizo huua virusi, huvifukuza au huvizuia.

Pengo hilo limezibwa kwa sitiari. Nchini Kenya kirai kilichoenea ni dawa za kupunguza makali ya virusi. Nchini Tanzania watu waliwahi kusema sana dawa za kurefusha maisha, na baadaye kikaenea kirai dawa za kufubaza virusi. Mkazi wa Mboghoni anaweza kukutana na virai hivi vyote, na kila kimoja kinamchorea picha tofauti.

Makali ni ya kisu au panga. Picha hii inasema kwamba virusi bado vipo, ila havikati kama awali. Ina ubora mkubwa: kisu butu kikiachwa bila kusimamiwa hunolewa tena, na hivyo ndivyo ilivyo kwa virusi dawa zikiachwa. Kufubaza ni kukifanya kitu kipoteze mng'ao wake au kipooze. Picha hii pia inabakiza virusi mahali pake, vikiwa vimedhoofika. Kurefusha maisha, kwa upande wake, hakutaji virusi kabisa. Ni kirai chenye huruma, lakini kina athari mbili. Kwanza, humfanya mgonjwa adhani kwamba maisha yake yameshakatwa na sasa yanaungwaungwa. Pili, hakimwelezi dawa zinafanya nini, kwa hiyo hakimpi sababu ya kuendelea kuzimeza siku anapojisikia mzima.

Kwa mintarafu ya matibabu ya pamoja, tofauti muhimu ni kati ya kuua na kuzuia. Antibiotiki za kifua kikuu huua bakteria, na zikimaliza kazi mgonjwa hupona. Dawa za VVU huzuia virusi kuzaana lakini haziving'oi vilivyojificha ndani ya seli. Sitiari za kupunguza makali na kufubaza zinaibeba dhana ya kuzuia vizuri kuliko inavyodhaniwa. Kinachokosekana ni kuziweka kando ya kitenzi kuua, ili mgonjwa asikie vitenzi viwili kwa dawa mbili na kuziona kazi mbili.

Sitiari za mahali zinaweza kusaidia pia. Mboghoni ni nchi ya wakulima wa migomba na ya mifereji ya maji, na mto Lumi hufurika katika eneo la Taveta mvua zinapozidi. Mkulima wa huko anajua kwamba gugu likishang'olewa na mizizi yake kazi imekwisha, lakini tuta la kuzuia mto halimalizi mto. Likibomolewa, maji hurudi. Kifua kikuu ni lile gugu, na dawa za VVU ndizo tuta. Mwalimu wa fasihi hana haja ya kuambiwa jinsi sitiari iliyotoka katika kazi ya mtu inavyokaa akilini mwake.

5.0 Maneno ya muda na ya matokeo

Maneno yenye hatari kubwa zaidi hayamo katika faharasa yoyote ya istilahi za tiba. Ni maneno ya kila siku. Fikiria mazungumzo haya ya kubuni:

Mhudumu: Mama, dawa zako zinaendeleaje?
Mgonjwa: Dawa zimeisha, daktari.
Mhudumu: Vizuri sana, mama. Basi umepona.
Mgonjwa: Mungu ni mwema. Asante, daktari.

Sentensi dawa zimeisha ina maana mbili. Yaweza kuwa vidonge vimekwisha mfukoni na mgonjwa amekuja kuchukua vingine. Yaweza pia kuwa muda wa matibabu umetimia. Mhudumu amejibu maana ya pili. Zaidi ya hayo, nomino dawa haibadiliki kati ya umoja na wingi, na hapa haikuainishwa. Ni dawa zipi zilizoisha? Mhudumu anafikiria za kifua kikuu. Mama anarudi nyumbani akijua kwamba amepona, neno lisilo na masharti, na kesho yake anaweza kuviacha vidonge vyote. Hakuna aliyedanganya na hakuna aliyefanya uzembe wa wazi. Sarufi iliruhusu, na mazoea yakafanya mengine.

Kitenzi kumaliza nacho kina historia yake. Kwa miaka mingi wananchi wamehimizwa kumaliza dozi, na himizo hilo ni la haki kwa antibiotiki, kwa kuwa anayeziacha njiani huwapa bakteria nafasi ya kuzizoea. Lakini himizo hili limejenga matarajio kwamba kila dozi ina mwisho. Dawa za VVU hazina dozi ya kumaliza. Zina dozi ya kila siku.

Kupona ni kitenzi kingine cha kuangaliwa. Kwa kifua kikuu kinafaa kabisa. Kwa VVU, lugha ya vipimo husema virusi havionekani. Maana yake ni kwamba wingi wake katika damu umeshuka chini ya kiwango ambacho kipimo kinaweza kukigundua, na mtu anayebaki katika hali hiyo kwa kutumia dawa haambukizi wengine kwa njia ya kujamiiana. Hiyo ni habari njema inayopaswa kutangazwa. Hata hivyo, katika Kiswahili kisichoonekana mara nyingi ndicho kisichokuwepo. Anayesema ng'ombe haonekani anamaanisha ng'ombe amepotea. Kwa hiyo kirai hicho kinahitaji kukamilishwa: virusi vipo, ila dawa zimevibana hata kipimo hakivioni.

Neno sugu linafunga orodha hii. Ugonjwa sugu ni ugonjwa wa muda mrefu, kama vile kisukari. Kifua kikuu sugu ni kile ambacho bakteria wake hawafi kwa dawa za kawaida, hata kama kimempata mtu juzi. Mtu anayeishi na VVU anaweza kuambiwa kwamba ana ugonjwa sugu kwa maana ya kwanza, akaogopa kwa kuelewa maana ya pili. Kinyume chake, mwenye kifua kikuu sugu anaweza kudhani ameambiwa tu kwamba amekawia kutibiwa. Tatizo hili hutatuliwa kwa kutaja kinachokataa: bakteria sugu kwa dawa, au usugu dhidi ya dawa, na kuuacha ugonjwa wenyewe uitwe wa muda mrefu.

6.0 Mapendekezo

Kutokana na uchambuzi huu, makala yanapendekeza kanuni nne kwa waandishi wa vipeperushi, wafasiri na wahudumu wa afya.

Kwanza, kila dawa itajwe pamoja na adui yake. Badala ya dawa zako, isemwe hizi za bakteria wa kifua kikuu na hizi za virusi. Pili, kila dawa ipewe kitenzi chake: kuua, kuzuia au kukinga. Septrini inayotolewa ili kukinga isiachwe ionekane kana kwamba inatibu VVU. Tatu, muda wa kila dawa utajwe peke yake, wala usikisiwe kutokana na aina yake, kwa kuwa tumeona ipo antibiotiki inayoendelea na kidonge cha virusi kinachokoma. Kidonge hicho cha ziada kielezwe sababu yake pia, ili mgonjwa asidhani kuwa ameongezewa kwa sababu virusi vimemzidi. Nne, mgonjwa aombwe aeleze kwa maneno yake mwenyewe atakachofanya.

Kwa kanuni hizo, mazungumzo ya awali yangeweza kwenda hivi:

Mgonjwa: Dawa zimeisha, daktari.
Mhudumu: Zipi, mama? Vidonge vimekwisha nyumbani, au miezi yako imetimia?
Mgonjwa: Miezi sita ya kifua imetimia.
Mhudumu: Hongera. Makohozi yako yamepimwa na bakteria hawapo; kifua kikuu umepona. Hizi za virusi utaendelea nazo kila siku, hata ukijiona mzima. Kile kidonge cha ziada cha jioni utameza wiki mbili nyingine, kisha utaacha. Na septrini tutaizungumzia ukija tena. Kwa sasa usiiache. Haya niambie wewe, mama: kesho utameza nini?

Mazungumzo haya ni marefu kidogo, lakini hayana neno gumu hata moja. Hayakuhitaji istilahi mpya wala kibali cha baraza lolote la lugha.

7.0 Hitimisho

Mijadala mingi ya istilahi katika vyuo vyetu huanza na swali la kama Kiswahili kina neno la dhana fulani. Makala haya yameonyesha kuwa kuna swali la pili lisilopungua uzito: neno lililopo linasikikaje kwa mtu ambaye maisha yake yanalitegemea? Virusi na bakteria vina majina, na dawa zake zina majina. Kinachomponza mgonjwa ni kuisha kusikosemwa ni kwa nini, na kupona kusikosemwa ni kwa nini.

Kazi iliyobaki ni ya nyanjani. Wanafunzi wa Kiswahili wanaotoka Taveta, Mwatate, Voi na kwingineko wanaweza, kwa kibali cha vituo vya afya na kwa ridhaa ya wagonjwa, kukusanya namna maelezo haya yanavyotolewa na yanavyoeleweka, wakilinganisha Kiswahili cha pande mbili za mpaka. Wanaweza pia kuchunguza maneno ya Kitaveta na Kidawida yanayotumika pale Kiswahili kinapokwama. Utafiti wa namna hiyo utaipa isimu data mpya, nao mgonjwa wa Mboghoni utampa maelezo anayoweza kuyashika pamoja na vidonge vyake.